Kulala hoteli ya maji moto mbele ya Fuji: jibu kwa msomaji wa Mombasa

Swali, kwa ufupi: msomaji wa Mombasa na mumewe wanakwenda Japani Januari kwa siku tisa, wiki moja tu baada ya arusi ya mdogo wake. Wameona picha za hoteli za maji moto ambazo mtu yumo ndani ya bafu la nje na mlima Fuji uko mbele yake, nao wanataka usiku mmoja wa namna hiyo. Wameshaanza kuangalia hoteli za Hakone. Lakini wamesikia kwamba watu huko huoga uchi pamoja, na yeye havui ushungi mbele ya watu, sembuse nguo. Chakula nacho hawakijui, na bei zimewatisha. "Tuendelee," anauliza, "au hii si ya watu kama sisi?"

Endeleeni, dada yangu. Inawezekana kabisa, tena bila ya kuvua hata ushungi mbele ya mtu. Ila itabidi mbadilishe mahali, mchague chumba kwa makini, na suala la chakula cha jioni mliamue mapema, maana hapo ndipo wageni wengi kama nyinyi wanapokwama. Hilo la kuoga uchi, linalowatisha zaidi, ndilo jepesi kuliko yote.

Tuanze na mlima, kwa sababu watu hulipa pesa nyingi kwa ajili yake kisha wakafungua pazia wakaona msitu.

Hakone ni mahali pazuri na maji yake ni ya kweli, lakini ni volkano kuukuu iliyobomoka katikati ikaacha bonde lililozungukwa na milima. Hoteli nyingi ziko ndani ya bonde hilo: Hakone-Yumoto chini mtoni, Miyanoshita na Gora kwenye miteremko. Ukiwa huko, vilele vya karibu vinakuziba. Tangazo likisema "mandhari ya milima" halijadanganya, milima ipo, ya kijani na ya kupendeza, ila Fuji si mmojawapo. Fuji utauona ukiwa kando ya ziwa Ashi upande wa Moto-Hakone, tena kilele chake kikichungulia nyuma ya milima mingine, au ukipanda gari la kamba, lile linaloning'inia angani, kupita Owakudani, pale panapotoka moshi wa salfa na kuuzwa mayai yaliyochemshwa yakawa meusi. Hoteli zenye Fuji dirishani zipo Hakone, lakini ni chache, na picha ya tangazo mara nyingine imepigwa kituo cha gari la kamba, si chumbani.

Kwa picha mliyoiona nyinyi, nendeni Kawaguchiko. Ni mji ulio kando ya ziwa Kawaguchi, katika mkoa wa Yamanashi, na ziwa hilo ni moja ya yale matano yaliyo chini ya Fuji. Ramani yake ni nyepesi: mlima uko kusini mwa ziwa. Kwa hiyo hoteli iliyo ukingo wa kaskazini ina maji mbele yake na mlima mzima juu ya maji. Iliyo ukingo wa kusini au mashariki, karibu na mjini, huwa na vyumba vya pande mbili, na hapo watu hukosea sana. Vyumba vya "upande wa ziwa" katika hoteli hizo vinatazama maji, na mlima uko nyuma ya jengo. Mgeni anaona neno ziwa, anakumbuka picha ya mlima juu ya ziwa, analipa. Kabla ya kulipa chochote fungueni ramani, tafuteni jengo, kisha muulize dirisha la chumba hicho linatazama wapi. Likitazama kusini na hakuna jengo jingine mbele, vizuri. Halafu someni jina la chumba neno kwa neno. "Fuji unaonekana kutoka hotelini" ina maana huenda ni kutoka paani au sebuleni.

Na hata chumba kikiwa sawasawa, mlima wenyewe haukodishwi. Fuji una mita 3,776 na hujitungia mawingu yake. Aliyekaa Moshi anaijua tabia hii kwa Kilimanjaro: alfajiri mlima wote wazi, saa nne wingu limeshakaa, siku nyingine haukuonekana kabisa. Juni na Julai ni msimu wa mvua huko, na Agosti kuna ukungu mwingi, kwa hiyo wanaokwenda majira hayo wengi hurudi na picha za wingu. Nyinyi mmebahatika: Januari hewa ni kavu, asubuhi nyingi ni za wazi, na theluji iko kileleni. Usidhani theluji ni ya mwaka mzima. Mwaka 2024 ilikawia hadi tarehe 7 Novemba, kuchelewa kuliko mwaka wowote tangu rekodi zianze kuwekwa 1894, na waliokwenda Oktoba wakitafuta kofia nyeupe walikuta mlima wa rangi ya kahawia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: laleni usiku mbili Kawaguchiko, na moja tu kati ya hizo iwe kwenye hoteli ya maji moto. Usiku wa kwanza chukueni hoteli ya kawaida karibu na stesheni, ya bei ya chini, bila mambo mengi. Mnapata asubuhi mbili badala ya moja, na mkifika kwenye ile ya gharama mnafika mapema, hamna haraka. Mtu aliyeweka usiku mmoja, akafika magharibi na kuondoka saa nne asubuhi, ameupa mlima saa tatu za kujionyesha.

Sasa bafu. Hoteli ya jadi ya Kijapani, ryokan, ikiwa kwenye chemchemi ya maji moto, onsen, huwa na mabafu ya pamoja, wanaume mbali na wanawake mbali. Huko ndiko watu huoga bila nguo yoyote, na vazi la kuogelea haliruhusiwi, hata lile la kufunika mwili mzima. Si ubaguzi wa dini, ni kanuni ya usafi kwao: nguo haiingii ndani ya maji. Zamani wanaume na wanawake waliingia pamoja, na sehemu chache za milimani bado zina bafu la namna hiyo, lakini hamtatumbukia humo kwa bahati mbaya. Mlangoni kuna pazia, buluu kwa wanaume na jekundu kwa wanawake mara nyingi, lenye herufi yake. Hoteli nyingi hubadilishana pande usiku, ili kila mtu apate bafu lenye mandhari bora, kwa hiyo pazia la jana si la leo. Hayo nakueleza uyajue tu. Hayakuhusu.

Yanayokuhusu ni mawili. La kwanza ni bafu la familia, ambalo hukodishwa kwa muda, mara nyingi dakika 45 au 50, mnafunga mlango kwa ndani, mko wawili. Hoteli nyingine hutoa bure kwa zamu, nyingine hutoza, kama yeni 2,000 hadi 4,000. La pili ni chumba chenye bafu lake la nje, kwenye roshani, maji yanaingia usiku kucha, na mnaingia mtakapo. Hili ndilo la ile picha, na kwa wanandoa wanaojisitiri ndilo ningelilipia. Punguzeni matumizi mengine yote kabla ya kupunguza hapa.

Lakini lichunguzeni. Roshani iliyo wazi kwa mlima huenda iko wazi kwa njia ya watembea kwa miguu kando ya ziwa, au kwa roshani ya jirani. Hoteli hulijua hilo na huweka pazia la mianzi la kukunja. Ukilishusha unajisitiri, na mlima umeondoka nao. Chumba cha ghorofa za juu, chenye ukuta wa ubao unaofika mabegani ukiwa umekaa ndani ya maji, hutatua yote mawili. Waulizeni moja kwa moja: mtu aliye nje anaweza kumwona aliye ndani ya bafu? Hawataona ajabu, Wajapani wenyewe huuliza. Swali jingine la kuuliza ni kama bafu la chumbani ni la maji ya chemchemi, au ni maji ya bomba yaliyopashwa moto. Vyumba vya aina ya pili vipo vingi na picha zake ni zilezile.

Hapo kwenye maji niseme ukweli ambao wauzaji hawausemi. Kawaguchiko unalipia mlima zaidi kuliko maji. Kwa sheria ya Japani ya mwaka 1948, maji huhesabiwa ya onsen yakitoka ardhini na joto la nyuzi 25 au zaidi, au yakiwa na kiasi kilichowekwa cha angalau kimoja kati ya vitu 19 vilivyoorodheshwa. Kwa hiyo maji vuguvugu tu yanaweza kupata jina hilo, yakapashwa moto, yakazungushwa na kutiwa klorini, na hakuna aliyevunja sheria. Mwaka 2004 ilizuka fedheha Shirahone, mahali panaposifika kwa maji meupe kama maziwa huko Nagano, ilipojulikana kwamba baadhi ya mabafu yalikuwa yakitiwa dawa ya kuyafanya meupe. Tangu 2005 kila bafu linatakiwa kubandika taarifa ikiwa maji yameongezwa mengine, yamepashwa, yanazungushwa au yametiwa dawa. Karatasi hiyo iko ukutani penye kuvulia nguo. Wapenzi wa maji huisoma kabla hawajafungua vifungo.

Kama nyinyi ni wa maji, basi mlima wenu si Fuji. Ni milima inayoitwa Alps ya Kaskazini, huko huko Japani, na mahali ni Okuhida, mkoa wa Gifu, vijiji vitano vya chemchemi katika bonde moja: Hirayu, Fukuji, Shin-Hirayu, Tochio na Shin-Hotaka. Maji yanabubujika kwa wingi, mabafu ya nje yamejengwa kwa mawe kando ya mto, na juu yako kuna vilele vya zaidi ya mita 3,000 vilivyojaa theluji. Kuna gari la kamba la ghorofa mbili linalokupandisha hadi mita 2,156. Ningewapeleka huko bila kusita, isipokuwa kwamba mna siku tisa tu. Kutoka Tokyo mpaka Takayama ni safari ya nusu siku, kisha basi la saa moja na zaidi, Januari barabara ina theluji, na kwa usiku mmoja ni usumbufu. Wekeni akiba kwa safari ya pili.

Turudi Kawaguchiko, jioni, mmeshafika. Mnavua viatu mlangoni, mnapewa ndara. Ndara nazo huvuliwa kabla ya kukanyaga mikeka ya tatami. Chooni kuna ndara nyingine ambazo hazitoki chooni. Mezani mtakuta chai na kitamu kidogo. Kuleni, kina kazi yake, kuingia maji ya moto na tumbo tupu kunaleta kizunguzungu. Kabatini kuna yukata, vazi la pamba la kufunga mbele, na wageni hulivaa hotelini kote, hata kwenda kula. Upande wa kushoto uje juu ya wa kulia, kwa wote wawili, mume na mke. Kinyume chake ni vazi la maiti, na mhudumu akikuona hivyo atakurekebisha papo hapo. Ndani yake unaweza kuvaa nguo ndefu na ushungi wako juu, hakuna atakayesema neno.

Bafuni, hata lile la chumbani, oga kwanza. Kuna kigoda kidogo, bomba na ndoo: kaa, jisugue kwa sabuni, jisuuze mpaka povu lote liishe, ndipo uingie. Hili si la adabu pekee. Bafu la familia lina maji yaleyale ya atakayekuja baada yenu, na mafuta ya nazi tuliyozoea kujipaka huelea juu yake yakang'aa. Nywele zifungwe juu, na kama umesuka rasta au una nywele za kuongezea, vaa kofia ya kuogea. Taulo dogo hukaa kichwani au pembeni, haliingii majini. Maji huwa kati ya nyuzi 40 na 42. Dakika kumi zinatosha kwa mara ya kwanza, tokeni, pumzikeni, rudini. Januari Kawaguchiko, iliyo zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, usiku hushuka chini ya sifuri, na kutoka kwenye roshani ya barafu kuingia maji ya nyuzi 42 ghafla ni mzigo kwa moyo. Mwenye presha amwone daktari kabla ya safari, na ajimwagie maji ya moto miguuni, kisha mapajani, kisha mabegani kabla hajajitosa. Ukikuta bafu la roshani limefunikwa kwa mbao, zitoe mkiingia na zirudishe mkitoka, la sivyo maji yatapoa na mtaamka alfajiri kukuta uvuguvugu.

Mmesema mnatoka arusini. Basi mikono na miguu yako itakuwa na hina na piko. Hoteli nyingi za Japani hukataza watu wenye chale za wino mabafuni, kwa sababu chale huko zimehusishwa na magenge ya wahalifu kwa miaka mingi, na piko jeusi kwa mbali halina tofauti na chale. Kwenye bafu lenu wenyewe hakuna wa kuuliza. Lakini mtaandikisha majina mapokezini na kupewa chai na mtu anayeona mikono yako, kwa hiyo litajeni mapema kwenye ujumbe wenu: ni rangi ya mapambo ya arusi, si chale, inafutika baada ya wiki mbili tatu. Na vyombo vya fedha vivue. Penye maji ya salfa, pete ya fedha iliyoingia ikimeta hutoka nyeusi.

Chakula ndicho kigumu. Bei ya ryokan kwa kawaida ni ya kila mtu, si ya chumba, na ndani yake mna chakula cha jioni na cha asubuhi. Cha jioni huja sahani ndogondogo kwa mpangilio: samaki mbichi, supu, mboga zilizochemshwa, samaki wa kuchoma, kikombe cha mayai ya mvuke, vipande vya nyama ya ng'ombe unavyojikaangia kwenye jiko dogo la moto mezani, na wali mwisho kabisa pamoja na supu ya miso, yaani ya maharage ya soya yaliyochachushwa, na achari. Ni kazi ya siku nzima jikoni, na mwenye nyumba anaionea fahari. Ila ndani ya karibu kila sahani kuna mirin au sake, pombe mbili za mchele zinazotumika kama sisi tunavyotumia chumvi na ndimu. Zimo kwenye mchuzi wa kuchovya, kwenye mboga, kwenye samaki aliyelala usiku akikolea. Nyama haikuchinjwa kwa Bismillahi, na mafuta ya nguruwe au jelatini hutokea pale usipotegemea. Kumwambia mpishi "sili nguruwe" hakujamaliza neno. Kipi mnaweza kukivumilia na kipi hamwezi, muulizeni shehe wenu. Mimi nakuelezeni kilichomo chunguni.

Njia ni mbili. Ya kwanza, kuandika mapema, angalau wiki mbili kabla, mkisema bila kuzunguka: hatuli nyama wala chochote chenye nguruwe, wala mirin, sake au pombe yoyote ndani ya mchuzi; tunakula samaki, mayai, mboga na wali. Samaki wa kuchoma kwa chumvi, samaki mbichi, tempura ya mboga, yaani mboga zilizochovywa unga na kukaangwa, kwa chumvi badala ya mchuzi wake, wali mweupe: mpishi mwenye nia anaweza kuwapangia mezani vitu vya kutosha. Hoteli nyingine itakujibu kwamba haiwezi. Msikasirike, huyo amewaheshimu kuliko yule anayekubali kila kitu kisha akawaletea mchuzi uleule.

Ya pili, ambayo kwa nyinyi ningeipendelea, ni kuchukua chumba bila chakula cha jioni, kwa bei inayoshuka sana, na asubuhi tu mle pale. Mezani asubuhi huwa na samoni wa kuchoma, yai, mwani mkavu, wali, na maharage ya natto yenye utelezi ambayo mumeo atayaonja mara moja maishani. Waarifuni vilevile, kwa sababu miso na mboga za asubuhi nazo zina mambo yao. Kwa jioni zote mbili, nunueni chakula Tokyo mchana kabla ya kupanda basi, mahali penye halali ya uhakika, kile kisichoharibika hadi kesho yake, na mtie kwenye mkoba. Chumbani kuna birika la maji moto na meza ya chini. Msitegemee kutafuta mkahawa baada ya kufika, maana kando ya ziwa sehemu nyingi hufunga mapema na giza la Januari huingia haraka. Kachupa ka pilipili na ndimu kutoka nyumbani, nani atakulaumu?

Sala haitawasumbua. Kibla cha kutoka huko ni magharibi ikielekea kidogo kaskazini, mikeka ni safi kwa kuwa hakuna aliyeikanyaga na viatu, na vyoo vyao vina maji ya kujitwaharisha kwa kubonyeza kitufe, jambo ambalo wenzetu wengi hulisifu kuliko mlima wenyewe. Mwanzo wa Januari Magharibi huingia kabla ya saa kumi na moja jioni, na jua huchomoza muda mfupi kabla ya saa moja asubuhi. Ukishaswali Alfajiri, usirudi kulala. Ingieni majini kukiwa bado giza. Mlima huanza kama kivuli tu, kisha kabla jua halijafika ziwani theluji ya kileleni hushika rangi ya waridi, na rangi hiyo huteremka taratibu kwa dakika kadhaa mpaka nyeupe inarudi. Waliolala hadi saa mbili hawaioni.

Kuhusu bei, msiogopeshwe na namba ya kwanza. Ryokan ya kawaida yenye milo miwili huwa karibu yeni 15,000 hadi 30,000 kwa mtu. Chumba chenye bafu lake la nje na Fuji mbele mara nyingi huanzia 40,000 kwa mtu na kupanda bila aibu. Kinachopandisha zaidi ni siku. Jumamosi ni ghali, mwaka mpya hadi tarehe 3 Januari ni ghali zaidi, na Jumatatu ya pili ya Januari ni sikukuu ya kitaifa, kwa hiyo wikiendi yake hujaa. Chukueni Jumanne au Jumatano, chumba bila chakula cha jioni, na bei ya chumba kilekile itashuka mpaka mtashangaa. Kuna kodi ya kuoga, kwa kawaida yeni 150 kwa mtu kwa usiku, hulipwa pale pale. Bakshishi msitoe, mhudumu atawakimbilia hadi mlangoni kuwarudishia mkidhaniwa mmesahau pesa.

Kufika ni rahisi: basi la moja kwa moja kutoka kituo cha Shinjuku, Tokyo, kama saa mbili hivi, zaidi kidogo ya yeni 2,000, na viti viwekwe mapema. Masanduku makubwa tumeni kwa huduma ya mizigo kutoka hoteli ya Tokyo hadi hoteli itakayofuata, hufika kesho yake, nyinyi mkabaki na mkoba mmoja. Ryokan nyingi hupeleka gari stesheni ya Kawaguchiko ukiwapigia simu. Muwe mmeingia saa tisa alasiri au muda mfupi baadaye, kwa sababu saa nne asubuhi mnatakiwa kutoka, na kila saa mliyochelewa mmeilipia.

Mwisho ni viza. Wakenya wanaihitaji, mnaiomba ubalozi wa Japani Nairobi, na wataka kuona ratiba na mahali pa kulala. Wekeni nafasi zinazofutika bila gharama, kisha mwombe. Ryokan nyingi huanza kukata pesa siku kadhaa kabla ya kufika, na siku yenyewe ukiifuta huenda ukalipa hata bei yote. Someni tarehe hiyo na muiandike kwenye kalenda. Ujumbe wa kwanza kwa hoteli uwe mfupi na uwe na maswali manne tu: dirisha na bafu la chumba hiki vinatazama Fuji, ndiyo au hapana, bafu ni la maji ya chemchemi, mtu wa nje au jirani anaweza kuona ndani, na asubuhi mnaweza kutupatia chakula kisicho na nyama wala pombe yoyote. Hoteli itakayojibu yote manne moja baada ya jingine, wekeni nafasi hapo hata kama picha zake si nzuri kama za jirani yake.